Nani anayehesabu vifo vya sigara, ilhali cheti cha kifo hakitaji sigara?

Mwana wa Mkomani (Lamu)

Assalamu alaykum. Nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Nchini Marekani husemwa kwamba uvutaji wa sigara huua zaidi ya watu 480,000 kila mwaka, na Shirika la Afya Duniani husema kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka duniani kote. Tarakimu hizi nimezisoma mara nyingi, na sikuja hapa kuzibisha. Ninachotaka kujua ni namna zinavyopatikana, kwa sababu kila ninapojaribu kuifikiria njia yake nakwama mahali pale pale.

Nimewahi kushughulikia vibali vya mazishi vya jamaa zangu hapa Lamu, na katika vyote sijaona hata kimoja ambacho mahali pa sababu ya kifo pameandikwa sigara. Huandikwa kiharusi, au moyo, au kifua, au presha, au saratani. Ami yangu mkubwa alivuta tangu enzi za ujana wake katika majahazi mpaka uzeeni, na cheti chake kinasema moyo wake ulishindwa kufanya kazi. Jirani yetu ambaye hakuwahi kuitia sigara mdomoni naye alikufa kwa moyo, na cheti chake hakitofautiani na kile cha ami isipokuwa kwa jina na tarehe. Je, ami yumo katika hesabu ya waliouawa na sigara? Kama yumo, ni nani aliyemtia, na kwa ushahidi gani? Kama hayumo, hesabu hiyo inawahesabu kina nani?

Jambo la pili ni kwamba sote tumefundishwa kuwa maradhi ya sigara ni saratani ya mapafu. Hata hivyo, saratani zinazotajwa kuongoza kwa kuua hapa Kenya ni ya matiti, ya shingo ya kizazi, ya umio na ya tezi dume, wala ya mapafu haimo katika safu ya mbele. Basi maelfu ya vifo vya sigara ambavyo wizara hutangaza kwa nchi hii vinatoka wapi?

Naomba majibu kutoka kwa wanaojua, na niwieni radhi kwa urefu wa maneno.

Msoma Takwimu (Malindi)

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu.

Kuhusu ami yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, jibu la kweli ni kwamba hakuna anayejua, na hesabu yenyewe haihitaji kujua. Hakuna daftari lenye majina ya watu 480,000 wa Marekani. Tarakimu hiyo haikupatikana kwa kuwahesabu maiti mmoja mmoja bali kwa kulinganisha makundi mawili ya watu walio hai, wanaovuta na wasiovuta, na kutazama kundi la kwanza linakufa kwa wingi kiasi gani kuliko la pili. Ziada iliyopo baina ya makundi hayo ndiyo inayoitwa vifo vya sigara.

Kazi maarufu kuliko zote katika jambo hili ilianza Uingereza mwaka 1951, pale Richard Doll na Austin Bradford Hill walipowaandikia madaktari wa nchi hiyo kuwauliza kuhusu mazoea yao ya kuvuta. Wanaume 34,439 walifuatiliwa kwa muda wa miaka 50, na kila aliyekufa iliandikwa amekufa lini na kwa maradhi gani. Ripoti ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 2004, ilionyesha kwamba waliovuta bila kuacha walikufa wakiwa na umri uliopungua kwa wastani wa takriban miaka 10 ukilinganishwa na wenzao wasiovuta. Tukumbuke kwamba wote walikuwa madaktari, watu wa kipato na elimu inayokaribiana, kwa hiyo ni vigumu kudai kuwa tofauti ile ilikuwa ya umaskini au ya kukosa matibabu. Nchini Marekani nako kulianzishwa mwaka 1982 utafiti mwingine uliowahusisha watu zaidi ya milioni moja, na ndani yake watafiti waliweza kuona, maradhi kwa maradhi, mvutaji yuko hatarini mara ngapi zaidi ya asiyevuta.

Ukishakuwa na vitu viwili, yaani idadi ya wanaovuta na hatari hiyo ya mara ngapi, kilichobaki ni hesabu ya darasani. Chukua wanaume 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku ulikuta kwamba wanaume wapatao 15 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa wakivuta, ilhali kwa wanawake hakufika hata mmoja katika 100. Tuseme hatari ya asiyevuta kufa kwa saratani ya mapafu ni fungu moja, na ya mvutaji ni mafungu 20, kipimo kisicho mbali na kilichoonekana katika tafiti nilizozitaja. Wasiovuta 85 wana mafungu 85. Wavutaji 15 wana mafungu 300. Jumla ni 385. Lau hakuna hata mmoja kati yao aliyevuta, jumla ingekuwa 100 tu. Mafungu 285 ni ya ziada, nayo ni kama asilimia 74 ya jumla. Kwa hiyo, katika kila wanaume 100 wa kundi hilo waliokufa kwa saratani ya mapafu, 74 hivi wanawekwa upande wa sigara, bila mtu yeyote kutaja ni akina nani.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa maradhi ya moyo, ambako hatari ya mvutaji ni ndogo zaidi, tuseme mara 2 tu. Mafungu ya wasiovuta ni 85 na ya wavutaji ni 30, jumla 115, ziada ni 15, sawa na asilimia 13. Ukiziona asilimia 74 na 13 unaweza kudhani kwamba saratani ya mapafu ndiyo yenye vifo vingi vya sigara, na hapo ndipo swali lako la pili linapojibiwa. Fikiria mji wa kubuni ambao kwa mwaka mmoja umepoteza wanaume 10 kwa saratani ya mapafu na 200 kwa moyo. Sigara itabebeshwa 7 katika wale wa kwanza na 26 katika wale wa pili. Moyo ni maradhi ya watu wengi, na asilimia ndogo ya kitu kikubwa huzidi asilimia kubwa ya kitu kidogo. Ongeza kiharusi, ongeza ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ongeza saratani ya umio ambayo wewe mwenyewe umeitaja miongoni mwa zinazoongoza na ambayo sigara ni mojawapo ya visababishi vyake, halafu ongeza kifua kikuu, maradhi ambayo uvutaji huzidisha hatari yake kwa kiasi cha mara 2 au zaidi. Hata kama saratani ya mapafu ingefutwa kabisa katika nchi hii, maelfu hayo yasingekwisha.

Kwa hiyo ami yako na jirani yenu wote wawili wamo katika ile idadi ya 200. Hesabu inasema baadhi ya watu wa idadi hiyo wasingekufa wakati ule lau sigara isingekuwako. Haiwezi kumnyoshea kidole yeyote kati yao.

Duka la Kona (Malindi)

Nimeisoma hesabu ya Msoma Takwimu na nimeielewa, namshukuru. Hata hivyo nina mashaka mawili, na naomba yasichukuliwe kuwa ni kuitetea sigara.

La kwanza ni kuhusu hiyo hatari ya mara 20. Ilipimwa kwa Waingereza na Wamarekani waliokuwa wakimaliza paketi nzima kwa siku tangu ujana wao. Wavutaji ninaowaona mimi hapa mjini, wavuvi wanaporudi pwani, vijana wa bodaboda, wazee wa kahawa, wengi wao huvuta sigara tatu au nne kwa siku, na katika maduka mengi ya mitaani bado hununuliwa moja moja, ingawa sheria ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbaku ilikataza kuziuza nje ya paketi. Je, ni haki kuchukua kipimo cha mtu wa paketi nzima na kumvisha mtu wa sigara tatu, kisha kutangaza kwamba nchi imepoteza watu kadhaa?

La pili ni moshi wa jikoni. Mama zetu wamepika kwa kuni na makaa maisha yao yote katika vyumba visivyo na dirisha la maana. Wengi wao wamekufa wakikohoa, na hakuna hata mmoja aliyevuta. Mtu aliyevuta sigara tatu na pia akalala miaka 40 katika nyumba yenye moshi wa kuni, kifo chake ni cha nani? Nina wasiwasi kwamba wahesabuji wa sigara wanamchukua, wahesabuji wa moshi wa jikoni nao wanamchukua, na wahesabuji wa presha wanamchukua pia, na mwisho wa mwaka marehemu mmoja amezikwa mara tatu.

Msoma Takwimu (Malindi)

Hayo ni mashaka ya haki, na la kwanza lina majibu mawili yasiyofanana.

Kwa saratani ya mapafu umesema kweli. Hatari yake huongezeka kwa kadiri ya wingi wa sigara na zaidi kwa kadiri ya miaka ya kuvuta, kwa hiyo mvutaji wa sigara tatu hawezi kuvishwa kipimo cha mvutaji wa paketi. Kwa moyo mambo ni tofauti, na jambo hili huwashangaza hata wahudumu wa afya. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2018, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo anayobeba mtu wa sigara 20. Damu na mishipa haisubiri moshi uwe mwingi ndipo iharibike. Wavuvi wako wa sigara tatu hawakupunguza hatari ya moyo kwa kiasi wanachodhani.

Hiyo dosari ya saratani ya mapafu wataalamu waliiona zamani. Mwaka 1992 Richard Peto, Alan Lopez na wenzao walibuni njia isiyouliza kabisa watu wanavuta sigara ngapi. Wao huangalia kiwango cha vifo vya saratani ya mapafu katika nchi na kukilinganisha na cha Wamarekani wasiovuta. Kikizidi sana, huhukumu kwamba watu wa nchi hiyo wamevuta sana kwa miaka mingi. Kikizidi kidogo, wamevuta kidogo. Saratani ya mapafu inakuwa kipimo cha moshi uliokwisha kuingia vifuani, na kwa kipimo hicho hukadiriwa vifo vya maradhi mengine. Juu ya hapo, kwa tahadhari, waliigawa nusu ile hatari ya ziada ya maradhi mengine, ili lawama ya ulevi, umaskini na mengineyo isiangukie sigara. Kwa hiyo kama walikosea, walikusudia kukosea kwa upande wa kupunguza.

Udhaifu wa njia hii kwetu ni kwamba inataka nchi iwe na rejista ya vifo inayoaminika, yenye sababu zilizoandikwa na daktari. Hilo namwachia Bi Muuguzi, ambaye najua yumo humu na anasoma kimyakimya.

Ama kuhusu kuzikwa mara tatu, ndiyo, hutokea, na si wizi. Maradhi mengi huhitaji sababu zaidi ya moja zikutane. Ikiwa mtu amekufa kwa sababu ya sigara na kuni kwa pamoja, ni kweli kwamba bila sigara asingekufa wakati ule, na ni kweli pia kwamba bila kuni asingekufa wakati ule. Kila sababu inamdai kwa haki yake. Ndiyo maana haifai kuchukua vifo vya sigara, vifo vya moshi wa jikoni na vifo vya presha ukavijumlisha ukitarajia kupata idadi ya watu waliokufa. Asilimia hizo zaweza hata kupita 100. Magazeti yetu hulifanya kosa hili kila mara wizara inapotoa ripoti.

Na kwa sisi watu wa pwani kuna mfano ulio karibu zaidi kuliko kuni. Saratani ya kibofu hutajwa katika orodha zote za maradhi ya sigara, na huko Ulaya sigara ndiyo sababu yake kubwa. Lakini katika vijiji vya bara ya Malindi na kando ya mto Tana kuna kichocho cha mkojo, na minyoo yake imethibitishwa kimataifa kuwa inasababisha saratani hiyo hiyo. Mtu akichukua asilimia ya Ulaya akaimwaga Garsen, atakuwa ameitwisha sigara mzigo wa minyoo.

Bi Muuguzi Mstaafu (Lamu)

Nimeitwa kwa jina, basi sina budi kuitika. Mwana wa Mkomani, mwanangu, marahaba, ingawa hukuniamkia.

Fomu ya kueleza sababu ya kifo, ile inayofuata mfano wa kimataifa, ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza humtaka daktari aanze na kilichomuua mgonjwa mwishoni, kisha ashuke hatua kwa hatua mpaka kwenye maradhi ya msingi yaliyoanzisha yote. Sehemu ya pili ni ya mambo mengine yaliyochangia. Sigara si maradhi, kwa hiyo katika sehemu ya kwanza haina kiti. Katika sehemu ya pili ingeweza kuandikwa, lakini katika miaka yangu yote ya kazi niliona mara chache mno daktari akiiandika. Usiku wa manane, wodi imejaa na jamaa wa marehemu wako mlangoni wakitaka maiti yao ili wawahi kuzika, hakuna anayeketi kuuliza marehemu alivuta miaka mingapi.

Na huyo ni wa hospitalini. Watu wetu wengi hufia nyumbani. Mzee akifa Faza au Kizingitini alfajiri, akaoshwa, akasaliwa na kuzikwa siku hiyo hiyo kama dini inavyotaka, sababu ya kifo inayofika kwa naibu wa chifu ni ile inayosemwa na jamaa zake: homa, kifua, uzee. Wengine hawaandikishwi kabisa mpaka siku itakapohitajika karatasi ya mirathi au ya benki. Simlaumu naibu wa chifu, yeye si tabibu. Lakini nchi inayotaka kutumia njia ya hao kina Peto, yenye kutegemea saratani ya mapafu iliyothibitishwa, haiwezi kuipata saratani hiyo katika daftari ambamo imeandikwa "kifua". Isitoshe, kifua kirefu chenye kutoa damu kwetu hudhaniwa kwanza kuwa kifua kikuu, na wako waliomaliza dawa za kifua kikuu bila nafuu ndipo wakapelekwa Mombasa kupigwa picha kubwa, wakati uvimbe umekwisha kutanda.

Kuna njia ya kuziba sehemu ya pengo hili. Huko Kilifi, taasisi ya utafiti ya KEMRI na Wellcome Trust inaendesha tangu mwaka 2000 mradi wa kuwafuatilia wakazi wa eneo zima, nyumba kwa nyumba. Mtu akifa, baadaye mhoji aliyefunzwa huwaendea jamaa na kuwauliza maswali yaliyopangwa: alikohoa muda gani, alikonda, upande mmoja wa mwili ulilegea, alishika kifua. Kutokana na majibu hayo hukadiriwa maradhi. Si sawa na kumpasua maiti, jambo ambalo watu wetu hawalipendi, lakini ni bora mara nyingi kuliko neno moja la "uzee".

Mwanangu, umeuliza pia kama haiwezekani cheti chenyewe kikauliza habari ya sigara. Hukuuliza kwa maneno hayo, lakini ndiyo maana yake. Inawezekana, na nchi ya Kiafrika imeshafanya. Afrika Kusini tangu mwaka 1998 imeweka katika fomu yake ya kuarifu kifo swali la kama marehemu alikuwa mvutaji miaka mitano kabla. Watafiti walichukua vifo vya miaka ya 1999 hadi 2007, wakawalinganisha waliokufa kwa maradhi yenye uhusiano na sigara na waliokufa kwa maradhi yasiyo na uhusiano nayo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Mzigo mzito zaidi ulionekana kwa watu wa asili mchanganyiko, ambao ndio waliokuwa wakivuta kwa wingi zaidi. Marekani nayo iliingiza katika mfano wa cheti chake wa mwaka 2003 swali la kama tumbaku ilichangia kifo, na daktari hujibu ndiyo, huenda, hapana, au haijulikani. Zile 480,000, hata hivyo, hazitokani na swali hilo bali na hesabu ya mafungu aliyoieleza mwenzangu.

Mke wa Nahodha (Malindi)

Nimefuatilia yote na naona kina baba mmejadiliana kama kwamba tumbaku ni ya kuvutwa tu.

Mmesema kwamba wanawake wanaovuta hawafiki mmoja katika 100. Sawa. Lakini uchunguzi huo huo wa 2014 ulikuta kwamba wanawake wanaotumia tumbaku isiyovutwa walizidi kwa mbali wanaovuta. Nani asiyejua? Nyumba ngapi za Lamu na Malindi zina sahani ya uraibu, yenye tambuu, popoo, chokaa, na kipande cha tumbaku pembeni? Bibi harusi wetu hutuzwa kwa tambuu. Wanawake wa mashambani hutia ugoro chini ya mdomo. Hakuna moshi, kwa hiyo hakuna anayemwambia mama kuwa anatumia tumbaku, na yeye mwenyewe akiulizwa hospitalini kama anavuta hujibu hapana, na amesema kweli.

Tambuu iliyotiwa tumbaku imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa, na popoo peke yake pia, hata bila tumbaku, imewekwa katika kundi hilo hilo la visababishi vya saratani. Swali langu ni hili: mama aliyekufa kwa kidonda cha shavu ambacho hakikupona, yumo katika hesabu ya Msoma Takwimu?

Msoma Takwimu (Malindi)

Shikamoo Bi Mkubwa. Katika ile hesabu ya Marekani hayumo, kwa kuwa inahusu uvutaji wa sigara pamoja na moshi unaowafikia wasiovuta. Katika zile 480,000 kuna zaidi ya 41,000 ambao hawakuvuta wao bali walipata moshi wa wengine, na hiyo ni sehemu ambayo wake na watoto wa wavutaji humo wamo. Ile ya Shirika la Afya Duniani inataja tumbaku. Ndiyo maana mtu akikuletea tarakimu mbili zisizolingana kuhusu Kenya, kabla ya kusema mmoja ni mwongo, uliza kwanza mmoja amehesabu uvutaji na mwingine tumbaku yote, mmoja ametia moshi wa wengine na mwingine ameuacha, mmoja ameanzia umri wa miaka 30 na mwingine 35. Maamuzi hayo madogo yanatosha kuongeza au kupunguza maelfu.

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni muda. Uingereza, mwaka 1948, wanaume 82 katika kila 100 walitumia tumbaku kwa namna moja au nyingine, lakini vifo vya saratani ya mapafu kwa wanaume havikufika kileleni mpaka miaka ya 1970. Lopez na wenzake waliliandika hilo mwaka 1994 kama ngazi yenye hatua nne: uvutaji hupanda kwanza, na vifo hufuata baada ya miaka 30 au 40. Vifo vya Kenya vya mwaka huu vinaonyesha sigara zilizovutwa miaka ya 1980 na 1990, wala haviwezi kutuambia lolote kuhusu vijana wanaoanza sasa. Pia nchi yetu ni changa. Katika sensa ya 2019 tulikuwa watu milioni 47.6, na waliofikia miaka 65 walikuwa takriban 4 tu katika kila 100. Sigara huua zaidi watu wa makamo na wazee. Nchi yenye wazee wachache itakuwa na vifo vichache vya sigara hata kama wavutaji ni wengi. Kwa Kaunti ya Lamu, yenye watu 143,920 katika sensa hiyo, vifo vya saratani ya mapafu kwa mwaka vingekuwa vichache mno kiasi kwamba kimoja kikizidi au kupungua asilimia nzima inayumba. Hesabu hizi ni za taifa. Mtu akikuletea ya mtaa wa Langoni, mrudishe.

Duka la Kona (Malindi)

Nimeridhika na jibu la kuzikwa mara tatu. Limebaki moja. Aliyeacha anahesabiwa wapi? Nina mteja mwenye umri wa miaka 55 hivi, aliacha katika Ramadhani iliyopita na mpaka leo hajarudia. Akifa kesho kwa moyo, ni wa wavutaji au wa wasiovuta?

Msoma Takwimu (Malindi)

Si wa hawa wala si wa wale. Walioacha huwekwa katika kundi lao la tatu, lenye hatari yake, na hatari hiyo hushuka kadiri miaka inavyopita tangu kuacha. Ile ya moyo hupungua upesi, na sehemu kubwa ya ziada yake hutoweka katika miaka ya mwanzo. Ile ya saratani ya mapafu hushuka polepole na haifiki kabisa pale alipo asiyewahi kuvuta. Akifa kesho, atakuwa na hatari inayokaribia ya mvutaji. Akifa baada ya miaka 15, mambo ni mengine. Wale madaktari wa Doll walioacha wakiwa na miaka 60 walipata nyongeza ya takriban miaka 3 ya maisha kuliko walioendelea, walioacha wakiwa na 50 walipata kama 6, na walioacha wakiwa na 40 walipata kama 9. Mteja wako yuko katikati ya 3 na 6.

Bi Muuguzi Mstaafu (Lamu)

Na mwambie huyo mteja kwamba akienda kliniki ataje miaka aliyovuta pamoja na mwaka alioacha, viandikwe katika faili lake. Kwenye faili ndipo mahali pekee ambapo daktari wa usiku wa manane anaweza kuvikuta.